PRESHA HAIPIGI HODI

Ndugu msomaji, leo tuna habari ya mwenzetu mmoja wa darasa la kisomo. Jina lake hatutalitaja, maana ni mtu wa watu na bado yu hai.

Mzee huyu alianza kujifunza kusoma nywele zikiwa nyeupe kichwani. Alifanya bidii kweli. Siku alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza alicheka hadi machozi yakamtoka. Barua yake ya kwanza alimpelekea binti yake aliyeolewa mbali.

Mwaka huohuo alipimwa presha kwenye zahanati. Mganga wa zahanati akamwambia, "Babu, presha yako ni 190 kwa 110. Iko juu sana." Akapewa vidonge. Akavimeza miezi miwili. Akajiona hana kichwa kinachouma, chakula anakula, shamba analima. Basi akasema, "Mimi mzima. Dawa za nini?" Akaacha.

Asubuhi moja, wakati wa kuvuna mahindi, panga lilimponyoka. Alijaribu kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukapinda. Akaanguka. Watu wakasema, "Amerogwa! Kuna mtu anamwonea wivu kwa mahindi yake." Siku mbili zikapotea kwa kumtafuta mchawi. Siku ya tatu ndipo akafikishwa hospitali.

Leo mzee anatembea kwa fimbo. Darasani amerudi, lakini mkono wa kulia haushiki kalamu. Anajifunza kuandika upya kwa mkono wa kushoto.

Nasi waalimu wake tunajiuliza. Tulimfundisha kusoma barua. Tulimfundisha kusoma mizani na bei za mazao. Lakini kadi yake ya hospitali, yenye namba zile 190 na 110, hatukumfundisha kuisoma. Ndiyo sababu tunaandika makala hii.

MOYO HUPUMZIKA LINI?

Moyo wako una ukubwa kama wa ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwilini mwote. Mtu mzima akiwa amekaa tu, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika moja, na husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika hiyo.

Hebu tupige hesabu. Lita 5 kwa dakika ni lita 300 kwa saa. Kwa saa 24 ni lita 7,200. Ukitumia debe la lita 20, hayo ni madebe 360 kwa siku moja! Damu ni ileile, inazunguka na kurudi, lakini kazi ya kuisukuma ni hiyo. Nani kijijini kwetu anaweza kuchota madebe 360 kwa siku, usiku na mchana, miaka 60 bila kulala? Moyo unaweza.

Damu hupita katika mishipa. Ipo mishipa mikubwa kama bomba, na ipo midogo kuliko unywele. Mishipa hiyo hupeleka chakula na hewa safi kwenye ubongo, macho, figo, mikono na miguu. Sehemu ikikosa damu, inakufa.

PRESHA NI NINI?

Kila mtu ana presha. Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Bila nguvu hiyo damu isingefika kichwani. Ubaya ni nguvu hiyo ikizidi.

Fikiri tairi la baiskeli. Likikosa upepo, baiskeli haiendi. Ukijaza upepo wa kutosha, unasafiri vizuri. Ukizidisha, siku moja barabarani utasikia, "Paa!" Mishipa nayo ni hivyo. Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa huwa ngumu na kuchakaa. Mshipa wa ubongo ukipasuka au ukiziba, hicho ndicho kiharusi. Mishipa ya figo ikiharibika, figo hushindwa kuchuja uchafu. Na moyo wenyewe, kwa kusukuma mzigo mzito kila siku, hutanuka na kuchoka. Mtu huvimba miguu, huishiwa pumzi, na usiku hawezi kulala bila kuinua kichwa juu.

Je, presha huuma? Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote. Malaria hupiga hodi kwa homa na baridi. Jino hupiga hodi kwa maumivu. Presha haipigi hodi. Inaingia, inakaa, inakula mishipa kimyakimya. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima karibu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui.

NAMBA MBILI ZA KADI YAKO

Utajuaje basi? Kwa kupimwa tu. Njia nyingine hakuna.

Mwuguzi hufunga mkanda juu ya kiwiko. Huujaza upepo mpaka mkanda ubane mshipa na damu isipite. Kisha huweka chombo cha kusikilizia kwenye mkono na kuachia upepo polepole. Damu inapoanza kupenya, husikia mlio: du, du, du. Mlio wa kwanza unatoa namba ya juu. Upepo ukizidi kupungua, mlio hupotea. Hapo ndipo panapotoa namba ya chini. Njia hii ya kusikiliza ilielezwa mwaka 1905 na daktari mmoja Mrusi, Nikolai Korotkov. Siku hizi zipo pia mashine za betri zinazoonyesha namba zenyewe.

Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Namba ya chini ni nguvu ya damu wakati moyo unapolegea. Ukiona kwenye kadi 120/80, soma hivi: "120 kwa 80." Hiyo ni nzuri. Ukiona 140/90 au zaidi, na ukapimwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, basi presha yako iko juu. Hata namba moja tu kati ya hizo mbili ikizidi, usidharau.

Kabla ya kupimwa, kaa utulie dakika 5. Usipimwe ukiwa umetoka kukimbia, au umebanwa na mkojo, au umetoka kuvuta sigara. Namba zitadanganya.

DAKTARI WA MOYO HUFANYA NINI?

Wengi wetu tunapimwa na mganga wa zahanati au mwuguzi. Inatosha. Lakini wapo madaktari waliosomea moyo na mishipa peke yake. Katika nchi yetu wengi wao wako hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Watu huogopa kwenda huko. Wanadhani lazima utapasuliwa kifua. Sivyo. Kwanza daktari huuliza: unapanda mlima bila kuhema? Unalala na mito mingapi? Nani katika ukoo wenu alipata kiharusi? Kisha hushika mshipa wa mkono, hutazama shingo na miguu, na husikiliza kifua. Anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa moyo. Umeme huo ni wa mwili wako mwenyewe, hupigwi shoti. Anaweza pia kuutazama moyo ukicheza kwa kutumia mawimbi ya sauti, kama wajawazito wanavyopimwa mtoto tumboni. Vipimo hivyo viwili haviumi. Wanaohitaji kupasuliwa wapo, lakini si kila anayekwenda.

Kazi yake nyingine watu hawaioni. Nayo ni utafiti. Daktari hujiuliza: je, dawa hii inasaidia kweli, au tunajidanganya? Kisha hutafuta jibu kwa kuhesabu watu. Tutasimulia utafiti mmoja hapa, kwa sababu unamhusu yule mzee wetu, na wewe pia. Lakini tuanze na habari iliyotokea kabla yake.

RAIS ALIYEKOSA KIDONGE

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliongozwa na Rais Franklin Roosevelt. Alikuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote duniani. Mwezi Machi 1944 alipimwa na daktari wa moyo, Howard Bruenn. Presha yake ilikuwa 186 kwa 108, na moyo ulikuwa umeanza kuchoka.

Daktari Bruenn alifanya alichoweza. Alimwambia apumzike, apunguze chumvi na sigara. Alimpa dawa ya kuupa moyo nguvu. Moyo ukapata nafuu kidogo. Lakini dawa ya kushusha presha, iliyo nzuri na ya kumezwa kila siku, ilikuwa bado haijapatikana. Tena madaktari wengi wa wakati ule waliamini kwamba presha ya juu haina haja ya kushushwa. Walidhani mwili wenyewe unaihitaji ili damu ipite kwenye mishipa iliyokuwa migumu.

Tarehe 12 Aprili 1945 Rais Roosevelt alikuwa amekaa kwenye kiti, akasema kichwa kinamuuma sana kwa nyuma. Akazimia. Daktari Bruenn alipompima, presha ilikuwa 300 kwa 190. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Saa chache baadaye alikufa, akiwa na umri wa miaka 63. Vita vya Ulaya vilimalizika mwezi uliofuata bila yeye kuona.

Rais alikuwa na fedha, ndege na madaktari. Hakuwa na kidonge.

UTAFITI WA DAKTARI FREIS

Sasa tuje kwenye utafiti. Katika mji wa Washington, huko huko Marekani, alikuwako daktari mmoja aitwaye Edward Freis. Alitibu askari waliostaafu. Wengi wao walikuwa na presha. Kufikia miaka ya 1960 vidonge vya kushusha presha vilikuwapo. Namba zilishuka, ndiyo. Lakini swali lilibaki: je, kushusha namba kunaokoa mtu?

Yeye na wenzake wa hospitali kadhaa walitaka jibu la kweli. Kwanza walichuja watu. Walijua, kama tujuavyo sisi, kwamba mtu anaweza kusema, "Nimemeza," kumbe kidonge amekitupa. Kwa hiyo walihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Tena walitia ndani ya vidonge vitamini inayong'aa kwenye mkojo ukimulikwa kwa taa maalumu. Aliyedanganya akajulikana. Waliobaki ni wale waliomeza kwa uaminifu.

Wakapata wanaume 143 ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Wakawagawa kwa bahati, kama kupiga kura. Watu 73 walipewa dawa. Watu 70 walipewa vidonge vilivyofanana, lakini visivyo na dawa ndani. Hakuna mgonjwa aliyejua amepata kipi.

Wakangoja, wakihesabu. Haikupita hata miaka miwili kwa wastani, mambo yakawa wazi. Katika wale 70 wasio na dawa, 27 walipata madhara makubwa, na 4 walikufa. Katika wale 73 wenye dawa, waliopata madhara makubwa walikuwa 2 tu. Hakufa hata mmoja. Majibu hayo yalitangazwa mwaka 1967.

Loo! Somea tena hizo namba, ndugu msomaji: 27 kwa 2.

Wengine wakauliza, "Na wale ambao presha yao si kali sana?" Mwaka 1970 Daktari Freis na wenzake walitoa majibu ya kundi la pili, wanaume 380 wenye namba ya chini kati ya 90 na 114. Wasio na dawa waliopata kiharusi walikuwa 20. Wenye dawa walikuwa 5. Majaribio yaliyofuata katika miaka ya 1970 yaliwahusu wanawake pia, na faida ya dawa ikaonekana.

Pengine utauliza, kwa nini watu 70 walinyimwa dawa? Kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika kama dawa zinasaidia au zinadhuru. Leo tunajua. Kwa hiyo leo si haki kumnyima dawa mtu wa namna ile. Na si haki mtu kujinyima mwenyewe.

MANENO TUNAYOSIKIA KIJIJINI

"Nimepona, kwa hiyo naacha." Hapana. Presha ikishuka kwa sababu ya dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiacha, inapanda tena. Kidonge cha presha ni kama paa la nyumba. Huliezui paa kwa sababu ndani hakuvuji.

"Dawa ya presha ukiianza huiachi, bora nisianze." Ni kweli kwamba wengi huimeza maisha yote. Lakini chakula nacho hatukiachi. Kisichoachika kweli ni kiharusi kikishakuja.

"Inanifanya nikojoe sana." Zipo dawa zinazotoa maji na chumvi mwilini, na hivyo kushusha presha. Ukiwa na safari, mwulize mganga saa nzuri ya kumeza. Usiruke siku.

"Inanipunguzia nguvu za kiume." Baadhi ya dawa huweza kumsumbua mtu hivyo. Presha yenyewe pia huweza. Usione haya, wala usiache kimya. Mwambie mganga akubadilishie. Dawa ziko za aina nyingi.

"Natumia mizizi." Hatudharau miti. Moja ya dawa alizotumia Daktari Freis asili yake ni mzizi wa mmea wa India, uliotumiwa na waganga wa huko tangu zamani. Lakini kabla ya kuwapa wagonjwa ilipimwa, kipimo chake kikajulikana. Mzizi wa kukisia huna hakika nao, na presha haikuambii kama imeshuka. Usitupe kidonge kwa ajili ya mzizi.

"Nimeazima vidonge vya jirani." Usifanye hivyo. Dawa ya jirani ilichaguliwa kwa ajili ya jirani.

TUFANYE NINI BASI?

Kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama hajisikii vibaya. Mama mjamzito apimwe kila anapokwenda kliniki, kwani presha ya mimba huweza kuleta kifafa na kuua mama na mtoto.

Tupunguze chumvi. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, pamoja na iliyomo ndani ya chakula kama dagaa wa chumvi. Tuache sigara. Tupunguze pombe. Tule mboga na matunda yetu. Anayekaa dukani au kwenye pikipiki siku nzima atembee kwa miguu. Lakini kama mganga amekuandikia vidonge, haya yote ni msaada wa vidonge, hayachukui nafasi yake.

Dawa wakati mwingine hukosekana zahanati. Kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho. Nenda kuchukua nyingine wiki moja kabla. Zikikosekana, peleka habari kwenye kamati ya zahanati.

Na mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono ukikosa nguvu, au maneno yakawa hayaeleweki, usitafute mchawi. Mpeleke hospitali saa ileile. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Kila saa inayopita, sehemu ya ubongo inakufa.

Yule mzee wetu sasa anameza vidonge vyake kila jioni. Mjukuu wake wa darasa la tatu huweka alama kwenye kalenda ukutani. Juzi alituletea kadi yake darasani, akaisoma mbele ya wenzake: "138 kwa 84." Sauti yake bado nzito, lakini tulimsikia wote. Kisha akaandika namba hizo ubaoni kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa zimepinda kidogo. Zilisomeka.

Ndugu msomaji, toa kadi yako. Namba zako ni ngapi?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kiharusi: ugonjwa wa ghafla unaotokea mshipa wa ubongo ukipasuka au ukiziba.
Shinikizo la damu: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, presha.
Utafiti: kutafuta ukweli wa jambo kwa kupima, kuhesabu na kulinganisha.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini tunasema presha haipigi hodi?
2. Kadi ya mama mmoja imeandikwa 150/95 mara mbili mfululizo. Utamshauri nini?
3. Katika kundi la kwanza la Daktari Freis, wangapi walipata madhara makubwa bila dawa? Wangapi wakiwa na dawa?
4. Rais Roosevelt alikosa kitu gani ambacho mkulima wa leo anaweza kukipata?
5. Nani kijijini kwetu ameacha dawa za presha? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?